Maziwa ya Mnyaa

Kinyozi mstaafu alikata tawi la mnyaa kwenye ua wa nyumba yake, akalipanda kwenye bakuli ili alilee liwe mti mdogo wa mezani. Mmea ulikua kama umetumwa, naye akawa kila mara anaupunguza.

“Baba watoto, maziwa ya huo mti yanapofusha,” mkewe alimwonya. “Vaa miwani.”

“Nimenyoa vichwa vya wakorofi, nishindwe na kichaka?” alicheka, huku akikata. Utomvu mweupe ukamrukia vidoleni. Jasho lilipomtiririka, akajifuta macho kwa mkono uleule.

Mkewe alisikia ukelele, akatoka jikoni mbio. Alimkuta sebuleni amepiga magoti, anapapasa sakafu.

“Mama watoto,” aliuliza, “mbona umefunga mapazia?”

Mkewe alimshika mkono. Jua la mchana lilikuwa limejaa sebule nzima.