Simu ya Kikapuni

Asubuhi hiyo ukungu wa Ngorongoro ulikuwa umeshuka Karatu mpaka kwenye dirisha la chumba cha dobi, ambamo Verediana alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli. Simu yake ilikaa ndani ya kikapu kilichoning'inia msumarini. Msimamizi wake, Mama Eliapenda, aliamuru hivyo baada ya kumkuta tena anasoma meseji za Noel, dereva aliyepeleka wageni Loliondo.

"Shuka jingine likiungua," alimwambia, "utarudi kwenu Qurus ukapalilie mbaazi."

Kikapu kikalia, mara moja tu. Verediana hakusogea, ila roho yake ilishatoka nje. Aliliona gari la Noel likielea juu ya ukungu kama juu ya maziwa, ng'ombe wakilipisha njia polepole. Harufu ya kuungua ndiyo iliyomrudisha.

Mama Eliapenda akaliinua shuka lenye alama ya pasi. "Simu iko wapi?"

"Kikapuni, mama."

"Sasa ulikuwa unasoma nini?"

"Ile ambayo sijaisoma."

Mama Eliapenda akautazama ukungu dirishani. Kisha akaitoa simu, akampa. "Haya, isome. Nataka mashuka kumi kabla ya saa sita. La sivyo, mbaazi."

Noel alikuwa ameandika: "Huku mvua. Huko je?"

Verediana akajibu, "Ukungu," akairudisha simu kikapuni mwenyewe. Saa sita ilimkuta amekunja mashuka kumi na mawili, na dirishani jua limeingia.