Kufuli la Kosmasi

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, saa tisa mchana, Kebirungi alikuwa ameketi mlangoni pake Muhokya, ungo magotini, anachambua maharage. Shule zilikuwa zimefunga. Binti yake Kukunda alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria kwa majivu. Kebirungi akainua macho, akamwona Kukunda anakuja kwa miguu kutoka upande wa Kikorongo, amevaa sweta ya kijani ya shule, soksi zimevutwa juu, vumbi limempaka mpaka magotini.

Nyuma ya nyumba sufuria ikaendelea kulia. Kebirungi akaisikiliza, akamtazama aliye njiani, akasogeza ungo ili mtoto apate pa kupita.

Mtoto alipofika kizingitini alicheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyejaribu kujizuia akashindwa. Kisha akaingia, akakaa kwenye benchi. Kebirungi alimpa maji. Kukunda akaja kutoka nyuma, mikono imejaa majivu, akamtazama mwenzake aliyekaa.

“Alikuwa na kiu,” akasema. Kisha akaongeza, “Hana kiwiko cha kushoto.”

Ilikuwa kweli. Pale penye kiwiko palikuwa na kivuli cha rangi ya kahawia, cha mviringo, kama alama ya dole gumba. Kebirungi akatazama dole gumba lake, akarudi kwenye maharage.

Alama ile aliijua, ilikuwa kwenye picha ya Kukunda aliyoipiga yeye mwenyewe kwa simu. Mwezi wa tatu Muhwezi, mume wake, alikaa kiwandani kwenye simenti wiki sita bila kurudi, na Kebirungi alitaka amwonyeshe akirudi jinsi mtoto alivyokua. Akamsimamisha Kukunda kando ya jerikeni za maji. Aliishika simu kichwa chini, dole likaziba kona, na Kukunda, aliyeambiwa asimame kama mtu mkubwa, akaangua kicheko. Ndicho kilichonaswa. Picha hiyo Kebirungi hakumtumia mtu yeyote, wala hakujua namna ya kuituma. Masomo yake yaliishia darasa la tano, na simu yenyewe alikuwa ameinunua ya mkono wa pili kwa sababu wanunuzi wa samaki ng’ambo ya mpaka walitaka kupigiwa wakiwa njiani.

Jumamosi akaja wa pili, na tope la Kongo kwenye viatu. Wiki iliyofuata wakaja wawili pamoja, wameketi juu ya mzigo kwenye lori la Magidu, mume wa jirani yake Jamira. Magidu alieleza kuwa amewakuta wamesimama pale Kikorongo malori yanaposimama, na kwa kuwa mtoto anamjua, ameona si vizuri kumwacha. Aliomba tu siku nyingine wasije wengi kwa mara moja, kwani alikuwa amebeba chumvi ya Katwe na chumvi haipendi kukaliwa.

Wote walikuwa na sweta ileile, kicheko kilekile mlangoni, na kivuli cha dole kwenye kiwiko. Hawakuchafua nguo, hawakuugua, hawakugombana. Walikula kidogo, lakini walikula. Jamira alileta mikeka miwili, akamsaidia Kebirungi kuwapanga ukutani. Majirani walikuja kusalimia kama watu wanavyokuja kwenye nyumba yenye wageni, na kila mmoja, kabla ya kuondoka, aliuliza Kukunda alikuwa amevaa nini kwenye hiyo picha.

“Mnawaona,” Kebirungi aliwajibu. “Sweta, sketi, soksi.”

Waliwaona, lakini waliuliza.

Muhwezi aliporudi mwisho wa mwezi, mweupe kwa simenti mpaka kwenye kope, aliwakuta tisa. Akawasalimia mmoja mmoja, maana haifai kumsalimia mmoja ukamruka mwingine. Alikuwa amebeba mkate. Alisimama nao katikati ya chumba.

“Nimpe nani?” akauliza.

Kukunda akainua mkono.

Tangu siku ile ya maharage Kukunda hakucheka tena. Hakuwa amenuna. Ukimtania alikuwa anaelewa utani, anatikisa kichwa, anaendelea na kazi. Kicheko kilikuwa nyumbani humo kila siku, lakini kilikuwa kwa wale wengine.

Kisha simu ikaanza kulia. Wanaume, sauti za kila aina, wengine wenye adabu kabisa, wakimuulizia msichana wa sweta ya kijani. Kebirungi alizoea kusema, “Mimi ni mama yake,” nao wakakata. Mmoja hakukata. Alisema hakuna shida, atasubiri. Shule ilipofunguliwa, mwanamume mwenye koti la suti alisimama langoni siku mbili, simu mkononi, anatazama kila sweta inayotoka. Alijuaje shule? Beji ilikuwa kifuani, kwenye picha, mtu yeyote angeisoma.

Mwalimu mkuu aliandika barua ya heshima. Alisema shule inampenda Kukunda, ni mtoto mwenye akili, na inamwomba akae nyumbani mpaka mambo yapoe, kwa usalama wake na wa wenzake. Kebirungi aliuliza kama yule mwenye koti naye ameandikiwa. Mwalimu akasema yule si mwanafunzi.

Kukunda alikuwa darasa la saba. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Kebirungi, aliyeachia njiani, alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, nalo ni mtoto huyu aingie katika chumba kile cha mtihani, akae, aandike jina lake.

Jibu la nani aliyeitoa picha alilipata akiwa Hamukungu, kwa wavuvi, asubuhi, mikono ndani ya samaki wa kukaushwa. Simu ilikuwa imetoka mikononi mwake siku moja tu tangu ainunue. Mwezi wa nne mama mmoja aliongea redioni kuhusu watoto na simu: kwamba kuna watu wabaya humo ndani, kwamba mzazi aweke kufuli. Kebirungi alisikia yote, lakini alichoshika ni kufuli. Ijumaa, siku ya soko la Bwera, aliipeleka simu kwa Kosmasi, fundi mwenye meza chini ya mwavuli mwekundu, ndiye pia aliyetengeneza vipaza sauti vya kanisa. Alimwambia afunge yote ambayo mtoto hapaswi kuona. Kosmasi alisema ni kazi ya kutwa, aende auze samaki wake kwa amani. Akamwomba namba ya siri. Kebirungi aliiandika kwenye kipande cha karatasi, akakibandika mgongoni mwa simu yeye mwenyewe, kwa mate, ili fundi asipate taabu.

Kutoka Hamukungu alirudi nyumbani na samaki nusu, akamweleza Kukunda. Mtoto alikuwa anawagawia wenzake uji.

“Ungeniambia, Mama,” akasema. “Kufuli najua kuweka. Ni dakika moja.”

“Nilikuwa nakufungia wewe.”

“Najua.”

Akaendelea kugawa uji. Kebirungi alikaa. Alipokuja kusimama uji wake ulikuwa umeganda.

Jioni hiyo Kukunda alimfundisha: hapa unaweka namba, humwambii mtu; hapa unaona nani ameongea na nani; hapa unamzuia usiyemjua. Mama alishika simu kwa mikono miwili kama mtu anayebeba yai. Waliifuta ile picha pamoja. Kesho yake wakaja watatu. Kufuta kwako hakufuti kwa mwenzako. Hilo redio haikulisema, au ililisema Kebirungi akiwa ameshashika kufuli.

Alipokwenda polisi, afande Ocan alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Kebirungi alilishukuru. Alifungua kitabu kikubwa, akalamba kidole, akapitia kurasa.

“Mama, mutoto kupotea, kitabu iko,” akasema. “Mutoto kuzidi, kitabu hapana.”

Kebirungi akasema shida si mtoto kuzidi, shida ni mtu aliyeitoa picha yake. Afande akauliza kama huyo mtu amemgusa mtoto. Hapana. Amemwona? Hapana. Picha ilikuwa ya uchi? Afande akageuka akamtazama mmoja wao, aliyekuja na Kebirungi kama ushahidi, amekaa kwenye benchi, soksi juu. Yule akacheka. Afande naye akatabasamu kidogo, kwa vile kicheko kilikuwa kizuri, akafunga kitabu.

Basi akaenda kwa Kosmasi mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisubiri wateja wawili waondoke, akasema anajua. Kosmasi hakukana. Alikuwa na bisibisi ndogo mdomoni, akaitoa ili aongee vizuri. Alisema katika simu za watu anaona vitu vingi, na picha nzuri anaziweka kwenye kundi la marafiki, watu wa malori, watu wa ng’ambo, ndivyo kundi linavyochangamka. Chini yake aliandika na namba ya simu ya Kebirungi, na maneno mawili. Maneno hayo Kebirungi aliyasoma baadaye, herufi kwa herufi kwa darasa lake la tano, na hakumwambia mtu.

“Mutoto iko na nguo yake yote, nyabo,” Kosmasi akasema. “Mimi nilifanya nini?”

“Itoe.”

“Nitoe wapi? Haiko kwangu tena. Iko kwa watu.”

Hapo alisema kweli, na hiyo ndiyo ilimchosha Kebirungi kuliko uongo. Akarudi kwa samaki wake.

Mwezi wa saba serikali iliweka kodi ya mitandao, watu wakaacha kufungua simu zao hovyo. Wiki nzima hakuja hata mmoja. Jamira alisema labda Mungu amesikia. Kebirungi alifua mikeka, akaianika. Wiki ya pili vijana wakafundishana njia ya kuzunguka ile kodi, na wasichana wakaanza kuja kwa kuzunguka vilevile: mmoja alitoka upande wa Fort Portal, mwingine alishuka mlimani, nywele zina baridi, mwingine alikuja kwa lori la sukari akisema “bonjour” kwa kila mtu, na hilo ndilo neno pekee lililowahi kutamkwa na yeyote kati yao.

Waliotoka mbali walikuwa wameanza kuchakaa. Picha ikipita mikono mingi inachoka, kama nguo iliyofuliwa sana. Sweta ilikuwa si kijani sawasawa, uso una ukungu, beji haisomeki. Kebirungi alidhani hiyo ni nafuu. Alipeleka mmoja wao kwa mwalimu mkuu, akamwonyesha kwamba jina la shule halionekani tena, kwa hiyo mambo yamepoa. Mwalimu akakubali kwamba halionekani. Akasema tatizo sasa ni kwamba wazazi wengine wameshaizungumzia.

Mtihani ulifanyika Jumatatu na Jumanne. Kebirungi hakwenda sokoni Jumanne hiyo. Alikaa na Kukunda sakafuni, na wale wengine ukutani, wote ishirini na saba, tayari kwa shule, beji vifuani. Saa tatu, wakati karatasi zinafunguliwa, Kukunda alichukua penseli akaandika jina lake kwenye kalenda ya ukutani, kwenye nafasi ya siku ile. Herufi zilikuwa nzuri. Kisha akaenda kuchota maji.

Ijumaa Kebirungi alirudi Bwera na samaki. Chini ya mwavuli mwekundu wanawake watatu walikuwa wamejipanga. Wa mwisho alikuwa na simu mpya, karatasi laini bado iko juu ya kioo. Kebirungi alisimama karibu naye, akamwambia kwa sauti ya chini arudi nayo nyumbani, asimwachie mtu namba yake, amwambie mtoto wake amwonyeshe, wakae nayo pamoja.

Mwanamke yule alikuwa mpole. Alimshukuru.

“Lakini mutoto ndiye ninamufungia,” akasema.

“Najua,” Kebirungi akasema. “Hata mimi.”

Mwanamke akasogea hatua moja, maana foleni ilikuwa imesogea. Kosmasi akamwona Kebirungi juu ya vichwa vyao, akainua mkono wenye bisibisi.

“Mama Kukunda. Batoto bazima?”

“Wazima.”

“Beko wangapi sasa?”

Kebirungi aliinua beseni, akaliweka kichwani, akaenda sehemu yake, akapanga samaki, wakubwa mbele. Waliuzika vizuri siku hiyo.

Magidu alimshusha Muhokya saa kumi na moja. Kukunda alikuwa mlangoni na beseni la maji, amechuchumaa, anamwosha miguu mwingine aliyefika muda si mrefu. Huyu alikuwa amechakaa kuliko wote. Uso ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa juu ya maandishi. Kivuli cha dole pekee ndicho kilichobaki wazi. Alipomwona Kebirungi alifungua mdomo kama wenzake wanavyofungua wakifika, akaufunga. Hakukuwa na sauti.

“Huyu hacheki,” Kukunda akasema. Alimfuta vidole kimoja kimoja kwa pindo la leso. “Atalala upande wangu.”

Kebirungi akapita ndani, akafunua sufuria, akaongeza kikombe kimoja cha unga.