Mtambo Uliosubiri Ruhusa

Mashine ya oksijeni ya mama yangu ilizimika saa nne asubuhi, jua likiwa kali hadi bati linalia. Mimi ndiye fundi umeme wa zahanati alikolazwa. Matroni alinitazama, akasema tu, "Kaone kuna nini."

Paneli za sola zilikuwa safi, betri zimejaa. Kioo cha mtambo wa umeme kiliandika kwamba huduma imesitishwa. Nikapiga simu ng'ambo kwa watengenezaji. Dada mmoja mpole kupita kiasi akanieleza kuwa nchi yao imegombana na nchi iliyotufadhili, wanagombea madini ya betri, na mitambo yote ya mradi imefungwa kwa kompyuta mpaka wakubwa wapatane.

"Sisi tumemkosea nani?" nikauliza.

"Hamjamkosea mtu, kaka. Ninyi hamhusiki."

Nikajaribu kuunganisha betri moja kwa moja na mashine, bila kupitia mtambo. Nazo zilikuwa na kufuli lake la kompyuta.

Zamani tulikuwa na jenereta ya dizeli, kuukuu, lakini haikuwahi kutuangusha. Mkataba wa paneli ulitaka ikatwe vipande viwili na kupigwa picha, namba yake ionekane, ili wafadhili wahesabiwe moshi waliouondoa duniani. Matroni aliniomba tuifiche stoo, tukate kimeo kingine cha jenereta kilichokufa, tukibandike namba ile. Mimi na uadilifu wangu wa kujitia, nikamwambia sisemi uongo. Nikaikata kwa mikono yangu mwenyewe, na picha zilivyotoka vizuri nikajiona mtu wa maana. Mjinga mkubwa.

Mtungi wa oksijeni wa akiba ulitufikisha saa nane. Gari la wagonjwa liko njiani, walisema, na kila tulipopiga lilikuwa bado liko njiani.

Midomo ya mama ilikuwa imebadilika rangi. Akanishika kidole.

"Jua limetoka?"

"Limetoka, mama."

"Basi si uwashe, baba."

Sikuwa na uso wa kumweleza. Nikamwambia nakwenda kuwasha, nikatoka, nikajifungia chumba cha betri. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia mtambo mpaka kidole kikauma, huku nikijua fika hautawaka. Ukweli ni kwamba niliogopa kurudi.

Mama alifariki saa tisa kasorobo. Matroni anasema alitaka kuja kuniita, mama akamkataza. Alimwambia, "Mwache, mwanangu anawasha."