Mapigo Sita ya Nyundo

Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate, na baba yake akamwita Njiti. Jina likamganda kama ulimbo. Hata alipotimiza miaka kumi na mitatu na kuingia skauti, hakuna aliyemwita vingine. Bado alikuwa mwembamba, skafu ikimzunguka shingoni mara mbili na bado ikining'inia.

Asubuhi ya kwanza ya kambi ilimwendea kombo. Hema lake lilianguka mara tatu. Wenzake saba walicheka mpaka wakakaa chini, na aliyewashinda wote kwa kicheko ni rafiki yake Domo, msichana ambaye hata usingizini alikuwa anaongea.

"Hilo ni hema au shuka limeanikwa?" Domo akauliza.

"Domo, funga bakuli," akasema Fundi.

Fundi alikuwa seremala siku tano za wiki, na kiongozi wao wa skauti siku mbili zilizobaki. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo. Akachuchumaa kando ya Njiti, akaitazama nyundo ya mbao mkononi mwake.

"Mwanangu, unakipiga kigingi kama unakiomba radhi. Kilaze kidogo, kichwa kiwe mbali na hema. Halafu piga kwa bega, usipige kwa kiganja. Uache uzito wa nyundo ufanye kazi."

Njiti akapiga kwa bega. Kigingi kikazama. Akapiga cha pili, cha tatu, na hema likasimama, kamba zake zimekazwa ndi! Akajiona amekuwa mtu.

Fundi akawatuma kuokota kuni. "Zilizokauka, zilizoanguka zenyewe. Mti msiukate." Njiti na Domo wakaingia msituni, na hawakwenda mbali. Nyuma ya kichaka, chini ya matawi mabichi, walikuta magogo yamepangwa vizuri, makavu, yamekatwa kwa urefu mmoja.

"Nani kayaweka hapa?" Njiti akauliza.

"Mungu," akajibu Domo. "Beba."

Wakabeba safari sita. Fundi alikuwa na wavulana upande wa kijito, akiwafundisha kuchuja maji, hakuona. Aliporudi, moto ulikuwa unawaka vizuri na nusu ya magogo imeshakuwa majivu. Aliyatazama yaliyobaki, akaona alama za panga kwenye ncha zake, uso ukambadilika.

"Haya mmeyatoa wapi?"

Kabla hajajibiwa, mtu akatokea kati ya miti. Alikuwa mchoma mkaa, nguo na ngozi vyote rangi moja ya masizi, na panga mkononi. Aliutazama moto, akahesabu magogo kwa macho.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nakata peke yangu. Nani kagusa kuni zangu?"

Fundi akamwendea akiwa ameonyesha viganja vitupu. "Samahani ndugu yangu. Ni watoto, hawakujua. Yaliyobaki tutakurudishia sasa hivi, na yaliyoungua nitakukatia mwenyewe kwa mkono wangu."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Yule mtu akampiga kwa ubapa wa panga shavuni. Mlio wake ulikuwa kama mlango uliobamizwa. Fundi akayumba, akainua mkono kujikinga, na pigo la pili likaja kwa makali. Lilishuka kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko, na nyama ikafunguka. Kwa nukta moja jeraha lilikuwa jeupe. Halafu damu ikaja, ikamwagika juu ya shati, juu ya majani, na Fundi akapiga magoti.

Watoto wakapiga kelele, wakatawanyika kama vifaranga. Domo peke yake hakukimbia, miguu ilimgoma. Alisimama na gogo moja mikononi, maskini, kama mwizi aliyeshikwa na ushahidi.

"Kumbe ni wewe!" yule mtu akanguruma, akamfuata.

Njiti alikuwa nyuma ya hema na nyundo yake. Hakufikiri kitu. Aliona mguu wa yule mtu ukinasa kwenye kamba ya hema, akamwona akianguka kifudifudi, mkono wenye panga umenyooka mbele yake ardhini. Njiti akapiga kwa bega.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Alisikia, na mpaka alipokuwa mtu mzima hakupata neno la kuuelezea mlio ule. Vidole vikafunguka, panga likaachwa. Domo akalirukia na kulikalia kama kuku anayeatamia.

Hapo ingetosha. Njiti akapiga tena mkono uleule. Yule mtu akageuka, akalia, "Basi, basi!" Njiti akampiga begani. Akampiga mbavuni. Alipojikunja kuficha kichwa, akampiga mdomoni, na meno mawili yakatoka na mate mekundu. Damu ya Njiti ilikuwa inachemka, na ndani ya kuchemka kule kulikuwa na utamu. La sita lilitua sikioni.

"Njiti!" Fundi hakuwahi kupaza sauti kabla ya siku ile. "Weka chini!"

Akaiweka.

"Skafu yako. Ikunje, bandika hapa, gandamiza kwa nguvu zako zote. Usichungulie, ukichungulia itaanza upya. Inua mkono wangu juu. Hivyo." Midomo ya Fundi ilikuwa ya kijivu. Wavulana wawili wakubwa akawatuma barabarani wamwite mlinzi wa msitu na gari lake. Damu ilipopungua, Domo akashika nafasi ya Njiti.

"Sasa kamfunge yule," Fundi akasema.

"Kamba?"

"Mkono wake. Fimbo mbili, kitambaa. Funga juu na chini ya palipovunjika, usifunge palepale."

"Fundi, huyo?"

"Huyohuyo."

Njiti akaenda. Yule mtu alipomwona alijikokota nyuma kwa visigino, akimwogopa mtoto asiyemfika kifuani. Njiti akakata fimbo mbili, akachana fulana yake ya akiba, akafunga kama alivyoambiwa. Alipomaliza fundo la mwisho, akaenda nyuma ya mti akatapika.

Gari liliwachukua majeruhi wote wawili, wamekaa benchi moja, mlinzi katikati yao. Mchoma mkaa alifungwa miezi minane, na sikio moja halikusikia tena. Fundi alishonwa nyuzi kumi na tisa. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena, na seremala ni vidole.

Nyumbani baba alitembea kifua mbele. Kila jirani aliyepita aliitwa uani. "Mnamwona huyu Njiti wangu? Jitu zima, na panga, alilipiga likalala!"

"Alikuwa ameshalala, baba," Njiti akasema.

Baba akacheka. Mama hakucheka.

Baada ya mwezi, Njiti alikwenda karakana kwa Fundi. Alimkuta anahangaika na msumeno kwa mkono wa kushoto. Fundi hakumkaribisha kwa maneno matamu.

"Pigo la kwanza lilimwokoa Domo," akasema, bila kuinua macho kwenye ubao. "Nakushukuru, na mama yake anakushukuru. Yale matano yalikuwa ya nani?"

Njiti alikuwa na majibu mengi. Baba alikuwa amempa mengine, shule ikamwongezea. Akayatafuta yote, akayaacha.

"Yangu," akasema.

Fundi akasukuma mbele ncha ya ubao, ile ambayo vidole vyake havikuweza kuikamata.

"Basi shika hapa. Kaza, usiachie mpaka nikuambie."

Akashika, na msumeno ukaanza kazi.