Pete ya Shaba na Kitanda

Sauti ya mdogo wake ilitoka redioni safi kama maji ya mtungi, na mjane akaitikia mpaka koo likamkauka. Kule mlimani alikokuwa mdogo wake, kwenye kituo cha kupimia mvua ambako simu haishiki, hakikufika hata kikohozi.

"Dada, kama umenichoka, sema. Ijumaa nitakuita mara ya mwisho."

Mjane akabonyeza kitufe, akapaza sauti, akaachia. Mvumo mtupu. Kulaumiwa usiweze kujitetea ni kufungwa mdomo masikio yakiwa wazi.

Kwenye nyumba yake ya zamani, waya wa antena wa marehemu mumewe ulizunguka paa zima. Alipohamia chumba hiki kwa binti yake, mkwewe, fundi wa redio za upepo, hizi za kuongea na walio mbali, alimkunjia bomba la shaba, pete ya ukubwa wa ungo iwe antena, ikaenea kati ya kitanda na kabati. Alipoona hasikiki, mjane akaamuru waya uzungushwe tena na tena juu yake. Alidhani udogo hufidiwa kwa wingi. Mkwe akatii, mambo yakazidi kuharibika. Mjane akamnunia, akamwambia binti yake kwamba mumewe hata kengele ya mlangoni ingemshinda.

Alhamisi hasira zilimwishia, akamwita mkwe, akamuuliza kwa upole.

"Mama, pete hii ina masikio, haina kifua," mkwe alisema. "Kupokea inaweza. Ukituma, nguvu karibu yote inageuka joto humo humo kwenye shaba. Inataka upana."

"Upana kiasi gani?"

Mkwe akakitupia kitanda jicho, akainamisha kichwa. Si neno la mkwe kulitamka.

Mume wa mjane alikata roho juu ya kitanda kile. Siku ya kuhamia uling'olewa mlango ili kipite. Na kila alfajiri, amepiga magoti kandokando yake, mjane alikuwa akimwomba Mungu afungue njia ya kumfikia mdogo wake.

Akaupapasa ubao wa kichwani.

"Kitoeni. Godoro linanitosha."

Ijumaa pete mpya ilisimama pale, pana kama gurudumu la trekta. Mkwe akazungusha kirekebishi cha mawimbi taratibu, kama anayetoa mwiba, mpaka mvumo ukajaa, dalili kwamba pete imeshika. Mdogo mtu akaita.

Mjane, ameketi sakafuni, alikuwa na maneno ya wiki nzima ya kumkaripia. Yote yakamtoka akilini.

"Nipo," akasema, akaachia kitufe.

Mvumo. Kisha, kule mlimani, mtu akakohoa, kama anayetafuta pa kuanzia.