Rafu ya Vichwa

Vyerehani vilipoanza kulia asubuhi, Mama Kola aliinamisha kichwa juu ya meza yake na hakukiinua mpaka wakati wa chai. Wenzake wa mstari ule walifanya vivyo hivyo, huyu akitia vifungo, yule akipiga pindo, na wa mwisho kabisa, karibu na mlango, akipiga pasi kwa kusimama. Kiwanda kilishona sare za shule. Kazi ya Mama Kola ilikuwa kola, na alikuwa ameshazishona nyingi mno, za kuvalisha shingo zote za mji ule isipokuwa yake mwenyewe, ambayo siku hizi haikuvumilia kuguswa hata na kitambaa.

Meza zilikuwa chini mno. Mwanzilishi wa kiwanda, ambaye sasa aliitwa Marehemu tu, kana kwamba hakuna mwingine aliyewahi kufa, alikuwa mtu mfupi. Siku alipozileta meza aliona hazimfai, akachukua msumeno, akaikata miguu yote kwa kipimo chake. Viti navyo alivikata. Lakini viti vilivunjika kimoja kimoja na kununuliwa vipya vya watu wa kawaida, ilhali meza zilikuwa za mbao ngumu na hazikuvunjika. Ndivyo ilivyokuja kuwa watu warefu wakakaa juu, kazi ikabaki chini, na shingo ikaachiwa ijitafutie njia.

Hakuna aliyesema lolote, kwa sababu katika kiwanda kile neno "fupi" halikutamkwa. Lilianza kama adabu wakati Marehemu yu hai, na alipozikwa likawa sheria. Mashati ya mikono mifupi yaliitwa mashati ya mikono iliyoishia njiani. Kaptula ziliitwa suruali zilizokatishwa safari. Mwalimu mmoja aliyekuja kulalamika kwamba sketi za wanafunzi wake ni fupi alipewa kiti, akapewa maji, kisha akatolewa nje kwa upole.

Shingo ya Mama Kola ilianza kwa kuuma jioni, ikaongeza asubuhi, halafu ikaacha kuchagua. Kila mtu akawa daktari. Mumewe alisema ni mto, akanunua mpya, akaulalia yeye. Dada yake alisema ni kijicho cha majirani, ingawa nusu ya majirani hao walifanya kazi kiwanda kile kile na shingo ziliwauma vile vile. Muuza dawa alimpa mafuta ya kuchua makali kiasi kwamba wageni walioingia sebuleni walitokwa na machozi, wakaanza kutoa pole za msiba. Mama Kola alivitumia vyote, na shingo ikazidi kuinama.

Ikafika mahali akawa anawajua watu kwa viatu. Aliwasalimia kwa adabu mikanda ya suruali, na mara moja aliulizia afya ya mgongo wa kiti. Haya yote aliyachukulia kama mzaha wa dunia. Lililomuumiza kweli lilikuwa moja. Mwanawe wa pekee alikuwa seremala, na kwa urefu wake mtaa mzima ulimwita Mlingoti. Kijana huyo alikuwa ameota ndevu ambazo kila mtu alizisifu, na mama yake hakuwa ameziona sawasawa. Aliwahi kulala chali amtazame, lakini kutoka kule chini aliona zaidi matundu ya pua, na Mlingoti alisema anajihisi kama mtu aliyekuja kuaga maiti. Hawakurudia.

Hatimaye alikwenda kwa daktari wa viungo, kijana mwenye mikono ya vuguvugu. Huyu hakuuliza habari za mto. Aliuliza anafanya kazi gani, akamwambia akae hasa anavyokaa kazini. Mama Kola akainama. Daktari ikabidi achuchumae ili waonane.

"Mama, shingo hii haina ugonjwa," alisema. "Ina meza."

Akamweleza kwamba kichwa ni kizito kama tikiti maji. Kikikaa wima, mifupa ndiyo inayokibeba na hailalamiki. Kikiinama, mzigo unahamia kwenye misuli ya nyuma, nayo inakuwa kama mtu aliyeambiwa ashike ndoo ya maji kwa mkono ulionyooka, kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Mafuta yatapoza, lakini ndoo itabaki pale pale. Dawa ilikuwa kuinua meza kiasi cha shibiri moja, kunyanyuka kila baada ya muda mfupi, na kufanya zoezi la kurudisha kidevu nyuma, kama mtu aliyeletewa maziwa yaliyochacha puani. Akikaa mwaka mwingine kwenye meza ile, shingo itaganda hivyo hivyo, na hapo hakuna daktari atakayemsaidia.

Wakajaribu zoezi. Mama Kola akarudisha kidevu nyuma, akageuka kushoto taratibu kama alivyoelekezwa, akageuka tena, ukasikika mlio mdogo kama wa kifuniko cha chupa ya siki, na kichwa kikabaki mikononi mwake. Damu haikutoka. Daktari akachungulia, akasema huwa inatokea, misuli ikishachoka kungoja. Akamwonyesha namna ya kukirudisha bila kulazimisha, asije akaziharibu hesi za shingo, ile mistari ya kusokotea kama ya skrubu, maana hizo zikilika hazina spea. Kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Nyumbani mumewe alitaka kujua jambo moja tu, kama kichwa sasa kitahitaji mto wake. Alipohakikishiwa kwamba hapana, alirudi kula.

Mlingoti aliingia jioni ile na vumbi la mbao begani. Mama yake alikuwa amekiweka kichwa mezani, kando ya sahani, mabega yake yakiwa yamelegea kwa raha ambayo hayakuijua tangu usichana. Kijana alinawa mikono, akaifuta vizuri, akakinyanyua kichwa cha mama yake mpaka usawa wa uso wake. Wakatazamana.

Mama Kola alimtazama kwa muda mrefu. Aliona kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakujua lilipatikana lini. Aliona mstari wa uchovu chini ya macho. Aliona mtu mzima pale alipokuwa amemwacha mtoto, na furaha na uchungu vikamjia kwa pamoja hata asijue aanze na kipi.

"Ndizo hizi ndevu walizokuwa wanazisifu?" aliuliza.

"Ndizo, mama."

"Watu wa mtaa huu wana huruma sana. Umefanana na mjomba wako, mwanangu. Pole."

Mlingoti akacheka mpaka kichwa kikatikisika mikononi mwake, na machozi yakamtoka, na mama yake akayaona yakiingia ndevuni. Walikaa hivyo mpaka mikono ya kijana ikachoka. Kichwa kweli kilikuwa kizito. Alipokirudisha mezani alisema kwamba sasa ameielewa ile ndoo, na kwamba mambo ya meza aachiwe yeye.

Alichonga vigogo vinne vyenye kimo cha shibiri, kila kimoja akakitoboa tundu la kupokea mguu wa meza. Asubuhi alimsindikiza mama yake kazini, akainua meza, akavipachika, akaenda zake. Mama Kola akakaa. Kwa mara ya kwanza kazi ilimfuata ilipo shingo yake. Alishona kola mpaka wakati wa chai bila kuugulia hata mara moja, na katikati ya kazi aligundua kwamba mbele yake, siku zote, kulikuwa na dirisha.

Kisha akaingia Bi Mkubwa, mjane wa Marehemu, aliyekuwa mwenye kiwanda sasa. Alikuwa mwanamke mrefu, na shingo yake ilipindia bega la kushoto, kwa sababu kwa muda wote wa ndoa yao Marehemu alipenda kumnong'oneza, na mtu haachi kumwinamia mumewe eti kwa kuwa mume amekufa. Aliiona meza moja imejitokeza katika mstari kama jino la mbele. Akaisogelea, akapapasa miguu yake, akagusa vigogo.

"Nani ameipandisha meza ya Marehemu?"

Mama Kola akasema ni yeye, kwa ushauri wa daktari. Alieleza habari za tikiti maji na ndoo, alieleza kwamba shingo yake ina mwaka mmoja tu kabla haijaganda. Bi Mkubwa alisikiliza, kichwa kikiwa begani. Akajibu kwamba miguu hii Marehemu aliikata kwa mkono wake mwenyewe, akaketi hapa hapa, akashona hapa hapa, na shingo yake aliingia nayo kaburini ikiwa imenyooka.

"Bi Mkubwa," alisema Mama Kola, "Marehemu alikuwa mfupi."

Mpiga pasi aliacha pasi juu ya sketi, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikaanza kupanda bila mtu kuishughulikia.

"Anayeona meza haimtoshi," alisema Bi Mkubwa bila kupaza sauti, "mlango utamtosha."

Vigogo vikatolewa na kusukumwa pembeni. Meza ikashuka, na Mama Kola akashuka nayo, kwa sababu mume alikuwa hodari wa kulala tu, na useremala wa Mlingoti siku nyingine ulipata kazi na siku nyingine haukupata. Alikasirika mpaka kola alizoshona saa ile zikapinda zote.

Wakati wa chai alikifungua kichwa, akakiweka dirishani kipate hewa. Wenzake wakataka kufundishwa. Mama Kola akawaonyesha zoezi la maziwa yaliyochacha, kidevu nyuma, kushoto taratibu, na vichwa vikafunguka kimoja baada ya kingine. Cha mpiga pasi peke yake kilikataa, ingawa alikisokota hadi akaona nyota. Yeye alifanya kazi amesimama, kwenye meza aliyojiletea kutoka kwao, na shingo yake haikuwa na shida yoyote. Alinuna siku nzima kwa kuachwa nyuma na wenzake.

Bi Mkubwa alipovikuta vichwa vimejipanga dirishani vikipiga soga, aliuliza swali la mwenye mali: je, kazi itapungua? Kwanza alipendekeza kichwa cha kila mtu kiwekwe juu ya meza, karibu na sindano, ili kuinama kuishe kabisa. Wakajaribu. Manyoya ya kitambaa yakamwingia mtia vifungo puani, kichwa kikapiga chafya, kikabingirika chini ya cherehani cha jirani, na mwenyewe akarudi nyumbani na tundu la kifungo kwenye ukingo wa sikio. Hapo Bi Mkubwa akaamua kwamba kazini vichwa vivaliwe, na wakati wa chai vipumzike kwa heshima. Itengenezwe rafu. Alisema kwa fahari kwamba hakuna kiwanda kingine mjini kinachowajali wafanyakazi wake hivyo, na kwa kweli hakikuwepo.

Kazi akapewa Mlingoti. Alitaka kukataa. Mama yake akamwambia achonge, maana hasira haina mguu wa kusimamishia meza. Akavitumia vile vile vigogo vinne kama vishikizo vya rafu, akaipigilia ukutani kwa kimo ambacho kila kichwa kingetazama mbele moja kwa moja. Kila nafasi aliitia kishimo, kichwa kisibingirike. Ya mama yake aliisugua kwa msasa mara mbili.

Tangu hapo kengele ya chai ikilia, mafundi hufungua vichwa na kuvipanga, na mpiga pasi hupita na kitambaa akiipangusa rafu, uso umemvimba. Miili huenda kunyoosha miguu uani. Vichwa hubaki vikitazama. Na kutoka pale juu, kwa macho yaliyonyooka, hakuna asiyeona kilichopo mbele yake. Kilianza kichwa cha mpiga pindo kusema, kwa sauti ya chini, kwamba meza ni fupi. Cha pili kikakubali. Neno likapita rafu nzima, fupi, fupi, kila kichwa kikilionja kama mtu anayeonja chumvi baada ya kukatazwa. Kisha kengele ikalia tena, miili ikaja kuvichukua, wakavisokota shingoni, wakainama. Kila siku huwa hivyo. Mama Kola ameanza kuona kwamba cha kwake siku hizi kinaingia kwa ulegevu, na lazima akishike kwa mkono mmoja anapovuka barabara. Hesi zinalika. Hajamwambia Mlingoti, anayekinyanyua kila jioni usawa wa ndevu zake ili waulizane habari za kutwa.

Wiki iliyopita Bi Mkubwa naye aliomba nafasi mwisho wa rafu, akaleta na kijimto cha hariri. Shingo yake ilikuwa imemkosesha usingizi tangu enzi za Marehemu. Alirudisha kidevu nyuma, akageuka, kichwa kikafunguka bila ubishi. Kikawekwa jirani na cha Mama Kola. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Bi Mkubwa aliutazama ulimwengu bila kuulalia upande. Aliutazama mstari wa meza kutoka mwisho hadi mwisho, viti vilivyozizidi kimo, kola zilizongoja.

"Ni fupi," alisema Bi Mkubwa. "Jamani, meza hizi ni fupi mno. Mnawezaje?"

"Hatuwezi," alijibu Mama Kola.

Bi Mkubwa aliendelea kutazama, na katika jicho moja likamlengalenga chozi, ambalo hapakuwa na mkono wa kulipangusa. Kengele ikalia. Mwili wake ukaja, ukakinyanyua kichwa, ukakisokota mpaka kikakaa pale kilipozoea, juu ya bega la kushoto. Akapita katikati ya meza, akaisugua moja kwa kiganja, polepole, kama anavyosuguliwa mtoto mgongo, akauliza mbona watu wanachelewa kukaa.