Protini Bado Si Dawa

Mboni alishuka Muheza akiwa hoi. Mama yake, Khadija, alikuwa amempigia simu Dar es Salaam akisema tu kwamba hali ya baba si nzuri. Alimkuta Mzee Uweso barazani, amekonda, mpira wa mkojo ameufunika kwa kikoi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea?"

Mboni hakuelewa anaulizwa nini. Mama ndiye aliyemweleza jikoni, huku akimenya muhogo bila kuinua uso. Mwezi wa Ramadhani Mboni alihojiwa redioni kuhusu utafiti wa maabara yao juu ya protini ambazo huenda zinazuia saratani ya tezi dume isikue. Mzee alisikia. Tangu hapo hakukanyaga tena kliniki. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba ugonjwa umefika kwenye mifupa na kwamba afadhali aondolewe korodani, maana homoni zinazotoka huko ndizo zinazoulisha. Kila alipohimizwa arudi, mzee alijibu kuwa binti yake ana dawa, anamngoja yeye.

Mboni akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Redioni alisema "huenda" mara nyingi, lakini watu walikuwa wamelisikia neno "kuzuia" tu. Aliona uchovu wa miaka yote ya maabara ukimshukia mabegani. Alimwomba mama aende akazungumze na mzee, kwa kuwa mambo kama hayo binti hamtajii baba yake. Mama akasema amekwisha kujaribu, hasikilizwi.

Akarudi barazani, akakaa pembeni ili wasitazamane.

"Baba, ile bado si dawa. Tunaweka protini kwenye seli za saratani, ndani ya visahani, na seli hizo zinapunguza kasi ya kukua. Kwa panya, wengine wamepata nafuu, wengine wamekufa vilevile."

"Basi nijaribuni mimi."

"Hatujui kama itakuponya au itakuua. Pengine nitastaafu kabla haijamfikia mgonjwa hata mmoja."

Mtu alipita na baiskeli yenye tenga la machungwa, akasalimu, mzee akamjibu kwa mkono tu.

"Na anachotaka yule daktari," mzee akasema, "unakijua?"

"Nakijua."

"Ungekuwa mtoto wa kiume ungeniambia nikubali?"

"Ningekuambia hivi hivi. Kubali, baba. Usiningoje mimi."

Mzee alifuta uso kwa ncha ya kikoi, akaomba asaidiwe kuingia ndani akalale.

Wiki iliyofuata alikwenda Tanga kufanyiwa upasuaji. Mboni alimsindikiza, na njia nzima mzee hakumsemesha. Maumivu ya mgongo yalipungua taratibu, mpira ukatolewa, ingawa saratani ilibaki mwilini na wote walilijua hilo. Kwa miezi kadhaa, Mboni alipopiga simu, mzee alikuwa akimpa mama azungumze naye.

Maabarani nako, jaribio walipolirudia lilitoa majibu hafifu. Wakaanza upya, bila mtu kusema mengi.

Jioni moja mama alipokuwa akimweleza habari za mvua, mzee aliiomba simu.

"Siku hizi nalala," alisema. "Nikaona nikwambie mwenyewe."

Mboni alimshukuru Mungu, akakaa kitako sakafuni akiwa bado amevaa koti la maabara, akamsikiliza baba yake akipumua.